Jina Alilolitaja Jaji Stroud

Nilipokuwa na miaka saba, kazi yangu ilikuwa kunong'ona.

Babu yangu, Jaji Elkanah Stroud, hakuona mbali, na miwani hakuitaka. Alisema mgombea mwenye miwani anafanana na karani wa benki, na hakuna mkulima wa kaunti yetu atakayempa kura karani wa benki. Kwa hiyo siku za mahakama, watu waliposhuka kutoka milimani na nyumbu wao, mimi nilisimama ubavuni mwake nikiwa nimeshika pindo la koti lake, na kila mtu alipokaribia nilimnong'oneza.

"Bwana Coyle. Mkewe amejifungua mapacha. Nyumbu wake anachechemea."

Hapo Babu alifungua mikono yote miwili na kupaza ile sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. "Coyle, ndugu yangu! Mapacha hawajambo? Na yule nyumbu, mguu unaendeleaje?"

Bwana Coyle alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Kura yake ilikuwa imekwisha kupatikana.

Mimi sikuweza kusema na watu. Mchungaji akiniuliza jina langu, nilificha uso kwenye sketi ya Shangazi Orpha. Lakini kunong'ona niliweza, na Babu alikuwa akisema kwamba mimi na yeye tukiunganishwa tunapata mwanasiasa mmoja mzima.

Kentucky wakati huo tulikuwa bado tunapiga kura kwa mdomo. Sasa mtu anaingia kwenye kijichumba chake na karatasi, anatoka, na hata mkewe hajui alichokiandika. Zamani ulipanda ngazi za mahakama, ukasimama mbele ya meza, karani akakuuliza unampa nani, nawe ukalitaja jina mbele ya jirani zako wote. Aliyetajwa, kama yupo, aliinuka, akavua kofia na kukushukuru. Nyuma ya mahakama kulikuwa na sufuria kubwa la mchuzi wa kindi na mahindi, na pipa la wiski ambalo wanawake tulijifanya hatulioni. Kelele zilikuwa nyingi na ngumi hazikukosekana. Lakini nikifumba macho leo, ninachosikia ni majina tu, jina baada ya jina, asubuhi hadi jioni, kama kengele za ng'ombe wanaorudi nyumbani.

Babu alisomea sheria kwa vitabu vya kuazima, akiwa nyuma ya plau. Alikuwa jaji wa kaunti, kisha tukamtuma Frankfort, mji mkuu wa jimbo, kwenye bunge la jimbo mara nne, na katikati ya hayo alikaa Washington, kwenye bunge la taifa, miaka miwili. Washington hakuipenda. Alisema ni mji wa matope ambako watu elfu wanakusalimia na hakuna hata mmoja anayejua jina la farasi wako. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alisimama Frankfort akapinga jimbo letu kujitenga, na usiku wa siku hiyo mtu akavunja madirisha yetu yote. Hadithi hiyo aliipenda, aliisimulia kila Krismasi.

Kuna nyingine alinisimulia mara moja tu, kwenye kibaraza, akiwa anamenya maharage. Mwaka wa 1865, bunge lilipoulizwa kama watumwa waachwe huru, walimwita jina lake akajibu "hapana" pamoja na wengi. "Sauti ile ile, Theni," aliniambia. "Sauti ile ile iliyovunjiwa madirisha. Siku hiyo ndiyo niliyostahili kuvunjiwa." Kisha akaendelea kumenya maharage.

Mpinzani wake, miaka yote hiyo, alikuwa Bwana Hezekiah Gantt, mkulima wa tumbaku wa bonde la chini, mtu mrefu mwenye macho ya mtu aliyepokea barua mbaya. Mara nne walishindana kwa kiti cha Frankfort, na mara nne Babu alishinda. Wagombea walipiga kura mwisho, jua likiwa linashuka, na kwetu mgombea hakujitaja. Alimpa kura mpinzani wake, naye mpinzani akamrudishia. Kura moja ilifuta nyingine na heshima ikabaki palepale. Kujipigia kura mwenyewe kulionekana kama kwenda kula kwa watu ukajipakulia kabla ya mwenye nyumba. Hivyo mara nne nzima Babu alisema "Hezekiah Gantt," na Bwana Gantt akasema "Elkanah Stroud," wakainamiana, wakaenda kunywa pamoja.

Agosti ya mwaka wa sabini na tano walishindana mara ya tano. Nilikuwa pale, nimeshika koti. Wapanda farasi walikuwa wameshaleta hesabu za vituo vya milimani, na kila mtu chumbani alijua mambo yalivyo: Babu alikuwa mbele kwa kura moja.

Babu akaenda mezani, akasema kwa furaha, "Hezekiah Gantt!" Sasa walikuwa sawa. Bwana Gantt akainuka kumshukuru, akaja mezani yeye. Karani akauliza. Bwana Gantt aliitazama kofia yake kwa muda, akaizungusha mara moja mkononi.

"Hezekiah Gantt," akasema.

Karani alidhani mzee amechanganyikiwa, akamwuliza tena. Akarudia, kwa sauti ndogo zaidi. Hakuna aliyeinuka kushukuru, kwa sababu mwenye kushukuru na mwenye kushukuriwa walikuwa mtu mmoja. Alisimama tu pale mezani na kofia yake, mshindi, na watu wakamfungulia njia atoke kana kwamba ana homa ya kuambukiza.

Babu alinipandisha kwenye gari la farasi, tukaelekea nyumbani, tukavuka kijito. Kisha akasema, taratibu, "Hilo hukuninong'oneza, Theni." Alikuwa anatania. Mimi nililia mpaka nyumbani.

Hakugombea tena. Kwa miaka kumi na sita, yeye na Bwana Gantt walisali kanisa moja, wakauza tumbaku ghala moja, wala hawakusalimiana. Babu alimpita kama mtu anavyopita nguzo ya uzio.

Nilikwenda chuo cha wasichana Ohio, nikarudi na cheti na aibu yangu ileile, na kazi ya kufundisha watoto wadogo, ambao siwaogopi. Majira ya baridi ya mwaka wa tisini na moja Babu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukawa mzito, na maneno yakamkimbia. Aliweza kuimba nyimbo za kanisa beti zote, na sala ya chakula aliisema bila kusita, lakini akitaka maji alikuwa anahangaika mpaka machozi yanamtoka. Daktari alisema ulimi unakumbuka ulichozoea. Yaliyobaki ni kama barua zilizomwagwa sakafuni, zipo zote, ila hajui ipi ni ipi.

Nilikuwa namsomea gazeti kila jioni. Siku niliyomsomea kwamba katiba mpya ikipita tutaanza kupiga kura kwa karatasi, na kwamba Agosti hiyo huenda ikawa ya mwisho kwa mdomo, alinishika mkono. Akaonyesha koo lake. Kisha akaonyesha upande wa mahakama.

"Mi... mimi," akasema. "Mimi."

"Unataka kwenda kupiga kura, Babu?"

Akaitikia kwa kichwa, akiutikisa mkono wangu kwa nguvu hivi kwamba miwani yangu ikadondoka mapajani mwangu. (Mimi nilivaa miwani. Sikuwa nagombea chochote.)

Shangazi Orpha, ambaye alikuwa binti wa Babu na ndiye aliyetawala nyumba, alisikia kutoka jikoni akatoka na unga wa mahindi mpaka kwenye viwiko.

"Wewe mtoto, una akili? Umpeleke pale asimame mbele ya wale walevi akigugumia? Watamcheka mpaka Krismasi!"

"Ameomba mwenyewe, Shangazi."

"Jana aliomba 'farasi', kumbe anataka siagi."

Babu akampiga kofi la hewani kwa mkono wa kushoto. Shangazi akacheka, akajifuta macho kwa aproni, akarudi jikoni. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na nilikijua. Sheria haikuruhusu mtu kumsemea mpiga kura. Asipoweza kutamka jina kwa kinywa chake, angerudishwa, na kaunti nzima ingekuwa imeona kwamba ile sauti ya Jaji Stroud imekwisha.

Na kulikuwa na jambo la ahadi. Kabla hajaugua, Babu alikuwa amempa neno kijana Wendell Prater, aliyesomea sheria ofisini kwake na sasa anagombea kiti kilekile cha Frankfort. Miaka hamsini Babu hakuwahi kuvunja neno la kura. Palipo na kura ya mdomo, mtu anayevunja neno anajulikana kabla hajateremka ngazi.

Kwa hiyo tulifanya mazoezi. Kila asubuhi kibarazani, baada ya mkate wa mahindi na maziwa mgando, nilisema "Wendell Prater," naye alisema "Wen... Wen..." Wiki ya tatu akapata "Wendell." Wiki ya sita, siku ya Ijumaa, akasema "Wendell Prater" wazi kabisa, kisha akacheka na kupiga fimbo yake kwenye mbao. Jumapili likawa limepotea tena. Jumatatu ilikuwa siku ya uchaguzi.

Tulimvalisha koti lake jeusi. Lilikuwa limemzidi. Kwenye ngazi za mahakama foleni ilikuwa ndefu, na mbele yetu alisimama Absalom Weems, mhunzi, ambaye alizaliwa mtumwa kwenye shamba la maili tatu kutoka kwetu. Alipomwona Babu akajiondoa.

"Pita, Jaji. Jua kali hili."

Babu akakataa kwa kichwa. Akamgusa Bwana Weems mgongoni kwa vidole viwili, akamsogeza arudi mahali pake, mbele. Tukangoja nyuma yake. Bwana Weems alipofika mezani alitaja jina la mtu wake, kwa sauti iliyotoka mpaka uani, na Babu, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia.

Wanawake wazima hatukuingia ndani. Nilizunguka mpaka dirishani, ambalo lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, hatua nne tu kutoka kwenye meza. Niliona kila kitu: karani Tandy Moxley na daftari lake, Wendell Prater kwenye kiti cha wagombea, shingo nyekundu kwa kola mpya, na kwenye benchi la wazee, karibu na chombo cha kutemea tumbaku, Bwana Gantt. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi na hakuwa amepiga kura.

"Jaji Stroud," akasema karani, na chumba kikanyamaza. "Kwa bunge la jimbo, unampa nani kura yako?"

Babu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Usiwe na haraka, Jaji."

"We..." akasema Babu. "We... We..."

Mtu nyuma akakohoa. Mwingine akacheka puani. Jasho lilikuwa linamtiririka Babu kwenye shavu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, upande wa dirisha, sikio likinielekea. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku za mahakama, akiningoja.

Jina nilikuwa nalo mdomoni. Karani Moxley alinitazama, akatikisa kichwa polepole, si kwa ukali. Nilishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Kama ningenong'ona, kura ingetupwa na wangesema Jaji amesemewa na mwanamke. Nisiponong'ona, nilikuwa nimemwacha peke yake. Sikunong'ona. Ni mara yangu ya kwanza kumnyima, na mpaka leo nalikumbuka lile sikio lake lililongoja.

Akainua kichwa. Akaitazama meza, daftari, wino. Vitu vilevile alivyovitazama mara tano akiwa mgombea. Mabega yakanyooka ndani ya lile koti kubwa. Na sauti ikaja, yote, ile ya ng'ambo ya mto.

"Hezekiah Gantt!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko.

"Jaji bado yuko mwaka wa sabini na tano!"

"Mwulizeni bei ya tumbaku huko, turudi wote!"

Wendell Prater alikuwa amesimama. "Jaji! Jaji, si uliniahidi? Tandy, usiandike, mzee kakosea!"

"Kaa chini, Wendell," akasema karani. Akamgeukia Babu kwa upole. "Mheshimiwa, Bwana Gantt hagombei. Unataka kusema jina lingine?"

Babu alimtazama, akatazama watu wanaocheka, na nikaona uso wake unaanza kuelewa kwamba kuna kitu kimeharibika. Nilijua Shangazi alikuwa amesema kweli, na kwamba mimi ndiye niliyemleta.

Ndipo benchi likalia. Bwana Gantt alikuwa anainuka, kidogo kidogo, kwa kujishikiza ukutani. Kicheko kikapungua kutoka mbele kwenda nyuma. Alivua kofia. Nywele zilikuwa zimebaki chache, zimelala kwa jasho.

"Nakushukuru, Jaji Stroud," akasema, kama desturi inavyotaka, akainama.

Kisha akaja mezani.

"Mimi sijapiga kura, Tandy. Niulize."

"Bwana Gantt, foleni..."

"Niulize, kijana."

Karani akachovya kalamu. "Kwa bunge la jimbo, unampa nani kura yako?"

Bwana Gantt hakuitazama kofia yake safari hii. "Elkanah Stroud."

"Lakini naye hagom..."

"Najua nani anagombea. Sijapoteza akili, nimepoteza meno tu. Andika. Nimechelewa miaka kumi na sita, usinicheleweshe zaidi." Akamgeukia Babu, na sauti yake ikashuka, lakini kila mtu aliisikia. "Nilikuwa nimeshindwa mara nne, Elkanah. Nilichoka kushindwa. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nilipofika Frankfort sikuona raha hata siku moja."

Karani Moxley akaandika majina yote mawili. Kalamu ilisikika. Na baada ya hapo watu wote, hata Wendell Prater, wakamtazama Babu, kwa maana sasa ilikuwa zamu yake kushukuru.

Babu alisimama akimtazama yule mzee mrefu aliye mbele yake. Alikunja macho kama alivyokuwa akifanya zamani. Sijui kama alimwona vizuri. Kisha, polepole, akainamisha kichwa upande wa dirisha.

Kura yake ilikuwa imekwisha kuandikwa. Hapakuwa na sheria tena ya kunizuia.

"Bwana Gantt," nikanong'ona. "Mkewe alifariki majira ya baridi. Anaishi peke yake."

Chumba kilikuwa kimya hivi kwamba watu zaidi ya hamsini walinisikia. Sikufikiria hilo mpaka baadaye, nilipokuwa nimelala, na hapo nikajifunika uso kwa mto.

Babu akafungua mikono. Wa kushoto ukainuka wote. Wa kulia ukafika kiunoni ukakwama.

"Gantt," akasema. "Ndugu yangu."

Akataka kuendelea. Alitaka kumwuliza habari za nyumbani, kama alivyowauliza watu wote maisha yake yote, na nililiona swali likimhangaisha machoni. Halikuja. Bwana Gantt alingoja kwa heshima, kofia mkononi, kisha akaushika ule mkono wa kulia uliokwama, akauinua yeye mwenyewe mpaka juu ya bega lake, akauacha hapo.

Walikaa alasiri yote kwenye ngazi za mahakama, wakila tikiti maji na kutema mbegu barabarani. Bwana Gantt ndiye aliyezungumza. Shangazi Orpha alikuja na mwavuli kuwafunika jua, akawagombeza wote wawili kwa kuchafua ngazi.

Wendell Prater alishinda kwa kura tisa. Hata hivyo hakumsamehe Babu; alisema Jaji hakuwa mgonjwa kiasi kile. Daktari alisema ulimi ulirudia tu ulichozoea pale mezani. Mimi nilimwuliza Babu mara moja tu, vuli ile, kibarazani.

"Babu, ulikusudia?"

Alifikiri muda mrefu. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisa, ubeti wa kwanza mpaka wa nne, na mwisho wake akanikonyeza. Kukonyeza alikuwa akikonyeza hata paka.

Alituacha mwezi Machi. Bwana Gantt alimfuata kabla tumbaku haijakatwa. Mwaka jana nilikuwa na shughuli za shule kwenye ofisi ya kaunti, na Bwana Moxley, ambaye sasa ana miwani kama mimi, akanifungulia daftari bila kuombwa. Kura ni za siri siku hizi, akasema, lakini za zamani ziko wazi kwa kila mtu. Nilipitisha kidole kwenye ukurasa wa Agosti ile. Prater, Prater, mpinzani wake, Prater. Kisha mistari miwili yenye wino mzito kidogo, kwa sababu mwandishi alikuwa ameminya kalamu.

Nikayasoma yale majina mawili. Hapakuwa na mtu mwingine ofisini, kwa hiyo niliyasoma kwa sauti.